Lenzi ya Kuvuta na Macho ya Mama Mkubwa

Vijana wa siku hizi hunijia na simu mkononi, wananionyesha bei, wananitajia namba, wanataka niwaambie lenzi ipi ni bora, ile isiyovuta au ile ya kuvuta. Huwa nawajibu kwa mkato, wanaondoka wakisema mzee ana gubu. Ni kweli ninalo. Lenzi zote mbili nimezitumia na zote zimenilisha. Lakini ya kwanza niliyoichagua mwenyewe niliichagua kwa kiburi, na aliyelipia kiburi hicho si mimi.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Bariadi ambayo juzi tu yalikuwa na viberiti na chumvi yalijaa redio, mabati na mitumba, na wanunuzi binafsi wa pamba waliingia vijijini na mizani zao. Mkulima akishauza pamba alinunua baiskeli, na akishanunua baiskeli alitaka picha ya rangi akiwa ameishika. Mimi nilikuwa na chumba kimoja cha studio karibu na stendi, pazia lililochorwa maua na maporomoko ya maji, na kamera iliyokuwa ikikwama kila mkanda wa pili. Niliwaka tamaa. Nilitaka kuwa mpiga picha ambaye watu wakimwona wanapisha njia.

Maswa palikuwa na mzee aliyepiga picha tangu kabla sijazaliwa, zile za nyeusi na nyeupe, akizisafisha mwenyewe katika chumba cha giza. Macho yalikuwa yanamfia, akaamua kuuza vitu vyake. Nilimkuta ameketi nyuma ya meza, mbele yake kamera moja nzuri na lenzi mbili. Alisema kamera naweza kuichukua pamoja na lenzi moja tu, ya pili inakwenda kwa mkwewe, na nisimpotezee muda.

Moja ilikuwa fupi, pana mdomoni, imechubuka rangi. Ya pili ilikuwa nyeusi inayong'aa, ukiisukuma inarefuka mbele.

"Hii fupi haivuti," alisema. "Ukitaka sura ya mtu iwe kubwa, unamwendea. Ukitaka iwe ndogo, unarudi nyuma. Miguu yako ndiyo inavuta. Lakini mdomo wake mpana, unameza mwanga. Ndani ya nyumba, mchana, mlango ukiwa wazi, unapiga bila flashi. Hii ndefu mdomo wake mwembamba. Ukiingia nayo ndani ni kipofu, itakudai flashi kila mahali."

"Sasa ndefu inafaa wapi?" nilimuuliza.

"Kwenye mpira. Kwenye ngoma. Na kwa watu wanaoona tabu kusalimia." Akaitazama tai yangu, akavitazama viatu vyangu. "Wewe utachukua ndefu."

Nilikasirika, na nikachukua ndefu. Mpaka leo sijui kama siku ile nilimbishia au nilimtii.

Sitasema uongo, ilinipa jina. Baada ya mavuno, vyama vya ngoma viliposhindana uwanjani na watu wakajazana hata pa kupita hapana, wenzangu walisukumana na kukanyagwa ili wakaribie wachezaji. Mimi nilisimama juu ya gari la pamba, nikavuta, nikalinasa jasho kwenye paji la uso la mchezaji aliye katikati ya duara. Watu wakasema huyu ni mtu wa gazeti. Palikuwa na mpiga picha mwingine pale stendi, mtu mzima kuliko mimi, mwenye kamera kuukuu ya lenzi isiyovuta. Alikuwa akikimbia mbele na nyuma kutafuta nafasi. Nilizoea kumuuliza mbele ya wateja, "Kaka, miguu bado?" Wateja walicheka, wakahamia kwangu. Msimu uliofuata alifunga kibanda akarudi kulima. Sikuwahi kumuuliza alikuwa na watoto wangapi.

Tatizo lilikuja na bahasha za kwanza kutoka Mwanza, tulikopeleka mikanda ya rangi kusafishwa. Picha zote nilizopiga ndani ya nyumba kwa flashi, watu walitoka na macho mekundu. Mzee wa Maswa hakuwa amenionya, maana katika nyeusi na nyeupe wekundu haukuwepo. Nilijifunza mwenyewe, kwa hasara. Mtu akikaa gizani mboni zake hufunguka. Flashi ikimpiga, mwanga unaingia hadi nyuma ya jicho kwenye damu, na kamera inarudi na rangi hiyo. Ukisimama mbali ukavuta, ndiyo inazidi. Ukiwa na lenzi yenye mdomo mpana unaufungua mlango, unasubiri mwanga, basi. Mimi nilinunua kalamu nyeusi yenye ncha nyembamba. Kila bahasha ikifika, nilijifungia nikaweka nukta katika kila jicho. Mke wa mnunuzi wa pamba, mchungaji, mwenyekiti wa kijiji, bibi harusi na bwana harusi, wote walipita chini ya kalamu yangu bila wao kujua.

Sikumwambia mtu, na sababu kila mkazi wa kwetu anaijua. Macho mekundu kwa kijana ni usingizi au pombe. Kwa mwanamke mzee ni kesi. Amepikia kuni mbichi na mavi makavu ya ng'ombe miaka arobaini, moshi umeyala macho yake, na siku mtoto wa kaya ya jirani anapokufa kwa homa, macho hayo yanakuwa ushahidi wa uchawi. Bibi wangapi wamekatwa mapanga kwa sababu ya moshi wa jiko lao wenyewe. Nilikuwa nalijua hilo vizuri kuliko nilivyoijua kamera.

Mama yangu alifariki nikiwa sijaota meno ya pili, nikalelewa na dada yake, mama mkubwa, huko Shishiyu. Watoto wake wa kuzaa walikufa wote wadogo, kwa hiyo mapenzi yote aliyamwaga kwangu, pamoja na ukali wote. Mumewe naye alipofariki, alibaki katika kaya ile chini ya mtoto wa mke mwenzake, mwanaume mzima mwenye wake wawili. Mama mkubwa alikuwa na nyumba yake, mashamba mawili na ng'ombe wachache aliogawiwa na marehemu mbele ya ukoo. Mtoto wa mke mwenzake hakumfukuza, lakini alizihesabu siku zake. Kila nilipokwenda niliona jinsi anavyoitazama ile nyumba. Mama mkubwa hakuwa na mahali pengine pa kuzeekea, wala mtu mwingine wa kumtetea isipokuwa mimi.

Huyo mtoto wa mke mwenzake alipomwoza binti yake, niliitwa kupiga picha. Nilikwenda na suti ya mtumba iliyonikaa vizuri na lenzi yangu shingoni. Mchana mvua ikaanza, wakamwingiza bibi harusi katika nyumba ya mama mkubwa kwa sababu ndiyo iliyokuwa kubwa. Ndani palikuwa giza na moshi wa jikoni umejaa. Bibi harusi alikaa chini kwenye mkeka, ameinamisha uso kama inavyotakiwa, na wanawake wote waliomzunguka walikuwa wanamtazama yeye, wakimwimbia. Mama mkubwa alikaa kwenye kigoda nyuma yake.

Sikuingia. Nilisimama mlangoni, nikavuta lenzi. Niliogopa moshi usiingie kwenye suti na kwenye kioo, nami nilijiambia kwamba lenzi hii niliinunua kwa kazi ya namna hii hasa.

"Mwadila, mayu," nilisema kutoka mlangoni, salamu yetu ya mchana kwa mama.

Mama mkubwa hakuitika salamu. Alisema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Mtazameni mwanangu. Nilimwogesha katika nyumba hii hii, nikamfuta mavi katika nyumba hii hii. Leo amenunua bomba refu asije akanikaribia. Ng'wana wane, mwanangu, nanuka?"

Wanawake walicheka mpaka wimbo ukakatika. Hata bibi harusi mabega yalimtikisika. Aliyecheka zaidi ya wote ni baba wa bibi harusi, akiwa nyuma yangu chini ya upenu. Nilihisi masikio yanawaka moto. Mimi, mtu wa gazeti, nafutwa mavi mbele ya wateja.

"Basi nitazame, mama," nilisema. "Wengine msigeuke, endeleeni kumtazama bibi harusi. Wewe nitazame mimi, hapa kwenye kioo, usipepese."

Akanitazama. Aliketi wima, akatulia, akakaza macho kama mtu asiye na la kuficha. Flashi ikapiga.

Bahasha ilirudi baada ya wiki mbili. Nikajifungia kama kawaida. Picha ile ilikuwa nzuri, labda nzuri kuliko zote za harusi ile. Bibi harusi ameinama, wanawake wamegeukia kwake, uso mmoja tu unaelekea kwa mtazamaji, na katika uso huo tundu mbili nyekundu zinawaka. Nilichukua kalamu, nikafungua kifuniko. Halafu nikakumbuka kicheko. Nikakumbuka yule bwana chini ya upenu akijishika mbavu. Nilisema kwa sauti, peke yangu mle chumbani, "Acha ajione."

Nikafunika kalamu. Nataka hili lieleweke, maana miaka mingi nimewasikia wapiga picha wakijitetea kwamba kazi ilikuwa nyingi, kwamba moja ilipita bila kuonekana. Mimi sikusahau na halikunipita. Niliiona, nikaiacha, na nilikuwa nafurahi.

Mtoto wa mke mwenzake alifuata picha mwenyewe. Alizipitia haraka, akafika kwenye ile moja, akasimama. Aliitazama muda mrefu. Kisha akaniuliza kama naweza kumtolea nyingine kama ile, kubwa zaidi. Nilifurahi kupata oda. Niliiagiza Mwanza, ikaja na ukubwa wa daftari, macho yale yakiwa makubwa vilevile.

Mwanzoni mwa masika mtoto wake mchanga, wa mke mdogo, alishikwa na homa, akafa siku ya tatu. Baba alikwenda kwa mfumu, mganga wetu wa kupiga ramli, na picha akaibeba. Mganga gani anahitaji kuchinja kuku wakati mteja amekuja na jibu mkononi.

Sungusungu, lile jeshi la jadi la kila kijiji, waliita mkutano kwa mwano, yaani yowe la kukusanya watu, nami nikafuatwa studio na vijana wawili wenye pinde. Hawakunifunga. Walisema tu, "Unaitwa Shishiyu, ukaseme juu ya chombo chako." Njiani nilijua kabisa nitakachosema. Nilikipanga sentensi kwa sentensi.

Tulifika saa nne asubuhi. Nje ya nyumba ya mama mkubwa wanaume walikuwa wamekaa chini kwa safu, mia na zaidi, na yeye peke yake katikati, miguu ameinyoosha mbele. Picha kubwa ilikuwa inapita mkono kwa mkono. Wengine waliishika kwa ncha za vidole. Kiongozi wa sungusungu alieleza shauri kwa ufupi: kama macho haya ni yake, mwanamke huyu hawezi kukaa tena katika kaya ile wala katika kijiji kile, kama ni makosa ya kamera, atalindwa, na atakayemgusa atakiona. Haikuwa kesi ngumu. Walikuwa tayari kusikiliza.

"Muulizeni huyu," mama mkubwa alisema, akininyooshea mkono. Hakuonekana na hofu. "Nimemlea mimi. Anakijua chombo chake."

Kiongozi akaniuliza, "Picha hii umeigeuza?"

"Hapana."

"Wengine mbona macho yao ni mazima?"

Hapo ndipo pa kusema. Jibu lilikuwa dogo: hawa hawakuitazama kamera, aliyetazama ni yeye, na yeyote kati yenu atakayekaa gizani akaitazama atatoka hivyo hivyo. Lakini nilipoinua uso nilimwona mwenyekiti wa kijiji, ambaye picha yake ya mezani niliitia nukta mbili. Nikamwona mnunuzi wa pamba aliyekuja kushuhudia, ambaye mkewe ametundikwa sebuleni akiwa na macho ya wino. Nikaona wateja wangu wote wa msimu ule. Nikisema kweli, watakwenda nyumbani kila mmoja akwangue picha yake kwa ukucha, na chini ya ukucha watakuta wekundu. Nani atanipa harusi tena? Wangesema kamera yangu ina uchawi, au lenzi yangu ni mbovu na mimi ni tapeli. Sijui lipi kati ya hayo niliogopa zaidi. Nadhani ni lile la lenzi mbovu.

"Kamera inachukua kilichopo mbele yake," nilisema.

Nilidhani nimetoa jibu la kati, lisiloua mtu. Watu wakashusha pumzi, na yule mtoto wa mke mwenzake akainama kuficha uso wake. Kiongozi alirudia maneno yangu kwa Kisukuma ili walioko nyuma wasikie, na kwa Kisukuma hayakuwa ya kati hata kidogo: yalisema macho yale ni yake. Kamera nilikuwa nayo begani. Nyumba yenye giza ilikuwa hatua kumi. Ningeweza kumwambia kiongozi mwenyewe aingie aketi kwenye kigoda kile, nimpige, tungoje bahasha kutoka Mwanza. Pengine wangekubali. Sikuuliza.

Mama mkubwa alinitazama, kisha akatazama mikono yake.

Walimpa hadi kesho yake mchana awe ameondoka. Hakuna aliyeruhusiwa kumpa moto, wala maji, wala salamu. Hawakumpiga, na wapo walioniambia baadaye nimshukuru Mungu kwa hilo, kwamba mahali pengine angekatwa. Nilimpakia juu ya lori lililokuwa likienda Bariadi, na furushi moja na kigoda. Ng'ombe walibaki. Lori lilipoondoka, mke mdogo aliyefiwa alimtupia donge la udongo, likampata begani. Mama mkubwa hakujifuta.

Nilimweka chumba cha nyuma ya studio. Mke wangu alikuwa amejifungua miezi michache kabla, mtoto wetu wa kwanza, na nilifikiri mtoto angemtuliza mama mkubwa. Siku ya kwanza mke wangu aliingia naye ili ampe ampakate. Mama mkubwa alivuta khanga haraka akajifunika uso wote, akageukia ukutani.

"Mtoe," alisema. "Mtoeni mtoto."

Tulidhani ni uchovu. Lakini ilikuwa hivyo kesho yake, na keshokutwa, na wiki iliyofuata. Akisikia mtoto analia uani, khanga usoni. Akitaka kwenda chooni, anauliza kwanza kwa mlango uliofungwa, mtoto yuko wapi.

Nilivumilia mwezi mmoja. Kisha nikaingia, nikakaa chini mbele yake, nikamwambia yote. Nilimwambia habari ya lenzi, ya mdomo mwembamba, ya flashi na damu iliyo nyuma ya jicho la kila mtu. Nilimwambia habari ya kalamu. Nilileta picha nyingine ambazo sikuwa nimezitia wino, za watoto, za vijana, ya mke wangu mwenyewe, nikaziweka mapajani pake moja moja. Nikamwambia, mama, nilikasirika tu ulivyonicheka, na mbele ya watu nikaogopa. Nililia. Sikuwa nimelia mbele yake tangu utoto.

Alizitazama picha zote kwa utaratibu. Kisha akazikusanya, akanirudishia.

"Una huruma," alisema. "Zamani hukuwa nayo, sasa unayo, nafurahi. Lakini usinidanganye. Watoto wangu mimi walikufa wote. Wanne. Nilikuwa nikiwanyonyesha huku nawatazama. Nimejiuliza maisha yangu yote ni kitu gani kiliwaua, na watu walikuwa wananiambia ni homa."

Nilimwambia ilikuwa homa. Nilimwapia kwa kaburi la mama yangu.

"Ulisema mbele ya watu," alinijibu, bila hasira yoyote. "Mbele ya watu hujawahi kunidanganya."

Aliishi kwetu miaka mitatu. Mwanangu alijifunza kutembea, akajifunza kusema, akajua kwamba kuna bibi chumba cha nyuma. Alikuwa akimpelekea uji, anauweka kizingitini, anabisha, anakimbia, kwa sababu bibi alimfundisha afanye hivyo kupitia mlangoni. Nilipomkuta amefariki, asubuhi moja ya kiangazi, alikuwa amelala kuelekea ukutani na khanga ameifunga kichwani mara mbili kwa fundo. Tulipoifungua ili kumwosha, mwanangu alikuwa amesimama mlangoni akichungulia, akaniuliza huyu ni nani.